Tulitundika TV ukutani, tukaisahau ile ya chogo

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Ilikuwa Januari 2024, kipindi cha mgao, na sisi wa Akheri tulikuwa tumeshazoea kupanga pasi, chaji za simu na maji ya kuogesha watoto kwa kuufuata umeme unavyokuja na kuondoka. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Mama mkwe alikuwa barazani, anauwahi mwanga wa mwisho amalizie kitambaa alichokuwa anafuma. Mwanangu, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa sebuleni na binamu yake wa miaka mitano, mtoto wa wifi yangu anayekaa nasi ili asome chekechea karibu.

Umeme ukarudi. Mzazi yeyote aliyepitia mgao anaijua ile shangwe: "Umerudiii!" Nyumba yetu ilipiga kelele, na ya jirani pia. Nikacheka peke yangu na kisu mkononi. Kisha nikasikia kishindo.

Kishindo chenyewe hakikunitisha sana. Kilichonitisha ni ukimya uliofuata. Mtoto akianguka na kulia, mama unapata nguvu ya kumfuata. Akianguka na asilie, miguu inakataa kwenda.

Nilipofika mlangoni, TV yetu mpya ya inchi 43 ilikuwa imelala kifudifudi. Ukingo wake wa juu ulikuwa umeegemea meza ya katikati, na kwenye uwazi uliobaki chini yake niliona mguu wa mwanangu wenye soksi moja. Mama mkwe alinipita pale mlangoni kwa kasi ambayo sikujua anayo, akainyanyua ile TV kwa mikono miwili. Hapo ndipo mtoto alipovuta pumzi na kulia. Damu ilikuwa inamtoka juu ya nyusi.

Naandika habari za afya. Ndiyo kazi yangu, ndiyo inayonilisha. Nimeandika kuhusu watoto waliomwagikiwa uji wa moto, waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, waliotumbukia kwenye ndoo za maji. Nimekaa na wauguzi usiku, daftari mkononi, nikiwauliza ajali za nyumbani hutokeaje. Runinga haikuwahi kuingia kwenye daftari langu hata mara moja. Na pale kwenye gari la jirani, mtoto amefungwa khanga kichwani, sikukumbuka chochote kati ya nilivyowahi kuviandika. Nilikuwa mama tu kama mama mwingine, naomba barabara isiwe na foleni.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtulivu kuliko nilivyotaka awe. Aliuliza maswali machache, moja moja. Alilia palepale au alikaa kimya? Alipoteza fahamu? Ametapika? Amedegedege? Kuna maji au damu imetoka puani au masikioni? Anakutambua? Anashika vitu kwa mikono yote miwili? Alimmulika machoni kuona kama mboni zote mbili zinasinyaa sawa. Akamshona nyuzi tatu, akatuambia tukae hapo hapo hospitali tumwangalie kwa saa kadhaa kabla ya kuondoka.

Nitayaweka hapa aliyotuambia wakati wa kuruhusiwa, kwa sababu usiku ule niliyaandika kwenye simu kwa mikono inayotetemeka. Mtoto aliyegongwa kichwani anaweza kuachwa alale, si kweli kwamba lazima azuiwe kulala usiku mzima, ila mumwamshe mara kwa mara kuona kama anaamka vizuri na anawatambua. Akitapika tena na tena, akiwa mzito kuamka, akipata degedege, akianza kutembea kama mlevi, mkono au mguu mmoja ukilegea, au maji meupe yakimtoka puani au sikioni, mrudi hospitali muda uleule, msisubiri kukuche. Uvimbe msiukande kwa maji ya moto wala kuusugua. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kinatosha.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na muuguzi wa mapokezi, na swali lake ndilo lililobaki nyumbani kwetu kwa wiki kadhaa. Aliuliza, "Imekuwaje?" Nikajibu haraka, bila kufikiri, "Amevuta kitambaa cha TV."

Ilikuwa kweli. TV ilikuwa imesimama kwa vile vimiguu vyake viwili vya plastiki juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye pembe ndefu inayoning'inia mbele ya kabati. Mtoto aliishika ile pembe akavuta, kitambaa kikateleza, kikaja na kila kilichokuwa juu yake. Ila kile kitambaa kilifumwa na mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiatu kimoja cha mjukuu wake.

Hakusema neno. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta nyumba imekuwa kama ya watu wanaohama. Makochi hayana vitambaa, meza haina kitambaa, hata redio ndogo ya jikoni imevuliwa chake. Vyote vilikuwa vimefuliwa, vimekunjwa, na sikuvipata viliko. Alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia kama kawaida, akauliza mtoto amelalaje. Kitambaa alichokuwa anafuma sikukiona tena.

Siku ya tatu, nikiwa naogesha watoto, yule binamu mtu alinipa upande wa pili wa habari bila kuulizwa. "Mdogo wangu alikuwa anaiamsha TV," alisema. "Umeme umerudi yeye haijaamka."

Nikasimama na sabuni mkononi. Kila umeme ulipokatika na mtoto akawa anasonta ukuta akilia, mimi ndiye niliyekuwa namwambia: "TV imelala, baba. Tuiache ilale." Umeme uliporudi alikwenda kuiamsha kama anavyoniamsha mimi asubuhi, kwa kuvuta shuka.

Sikumwambia mama mkwe. Nilitakiwa kumwambia siku ileile, nilichelewa, na kila siku niliyochelewa iliongeza ugumu.

*

Huwezi kuelewa ugomvi wa kimyakimya juu ya kitambaa cha TV kama hujakumbuka TV ilivyoingia majumbani mwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tulikaa bila kituo hata kimoja hadi mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza, na ile ya taifa ikaja mwaka 2000. Kwa hiyo wazazi wetu walinunua TV wakiwa watu wazima, kwa fedha za kahawa, mishahara na upatu, na walipoinunua waliitendea kama mgeni wa heshima. Iliwekewa kabati lake. Ilifumiwa nguo. Baba mkwe, ambaye sikuwahi kumkuta akiwa hai, alinunua ya kwake, inchi 21 yenye chogo nyuma, ili aangalie Kombe la Dunia la mwaka 2002 na majirani wote wa upande huu wa Akheri. Naambiwa watu walikaa hadi uani. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam Desemba 31, 2012 na Arusha mapema mwaka uliofuata, mzee hakutaka TV nyingine. Alinunua king'amuzi, lile chogo likaendelea.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Desemba 2023 alipata kazi mbili mfululizo, akaleta hii bapa tuitazamie AFCON ya Ivory Coast. Mashindano yalipoanza yeye alikuwa Serengeti na wageni. Sisi ndio tulioiangalia Stars ikifungwa 3-0 na Morocco Januari 17, tukafarijiana kwamba angalau picha ni nzuri. Ajali yetu ilikuwa wiki iliyofuata.

Baada ya ajali nilifanya nilichopaswa kufanya kabla yake, nikasoma. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics la madaktari wa watoto wa Marekani lilichapisha utafiti wa miaka 22, kuanzia 1990 hadi 2011. Watoto wapatao 381,000 walitibiwa kwenye vitengo vya dharura nchini humo kwa majeraha yaliyohusiana na runinga. Ni wastani wa zaidi ya watoto 17,000 kwa mwaka, mtoto mmoja kila nusu saa. Karibu theluthi mbili yao walikuwa chini ya miaka mitano, na kiwango cha walioangukiwa na TV kiliongezeka karibu mara mbili katika kipindi hicho. Hiyo ni nchi ambayo TV imekaa sebuleni miaka mingi kuliko kwetu.

Sababu zake ukizisoma unaona sebule yako. Mtoto wa umri ule kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake na shingo haina nguvu, na kimo chake kinakiweka kichwa pale pale kitu kinapoangukia. TV bapa ni nyepesi, ya kwetu haifiki kilo nane, lakini ni ndefu, nyembamba, na inasimama kwa vimiguu viwili. Haihitaji kusukumwa na mtu mzima. Ukiongeza rimoti iliyowekwa juu ya kabati, kikombe cha maua na kitambaa chenye pembe inayoning'inia, umempa mtoto sababu ya kupanda na mahali pa kushika.

Nikampigia mume wangu. Mtandao ulikuwa unakatika, nikasikia maneno mawili tu, "mwite fundi." Nikaagiza braketi mjini, Sh25,000, na fundi akasema atachukua Sh20,000 kwa kazi. Nilitulia kidogo nikipiga hesabu. TV ilikuwa imetugharimu zaidi ya Sh600,000, na tulikuwa tumeisimamisha juu ya kitambaa kwa kuokoa Sh45,000.

Tatizo halikuwa fedha. Sebule yetu ina kuta mbili tu zinazofaa. Mmoja ni ule mkubwa unaotazama makochi, na katikati yake kulikuwa na picha ya baba mkwe, ile kubwa iliyobebwa siku ya mazishi, na pembeni kalenda ya usharika. Mwingine ni ukuta mdogo unaotenganisha sebule na jiko. Niliwahi kumgusia mama mkwe habari ya ukuta mkubwa, kabla hata ya ajali, mume wangu alipoleta TV. Alinijibu kwa upole, "Ukuta ule una mwenyewe, mwanangu." Sikurudia.

Basi nikafanya ujanja ambao bado unanisumbua kidogo. Nikampanga fundi aje Jumamosi. Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru, mama mkwe hushuka na ndizi asubuhi na harudi kabla ya saa tisa. Nilijiambia nataka kumwepusha na vumbi.

*

Fundi alikuja kwa bodaboda, drili kwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi. Kijana mdogo, anaongea wakati wote. Nikamwonyesha ukuta wa jiko. Akaugonga kwa kiungo cha kidole, akahamia kushoto akagonga tena, akakunja uso, lakini hakusema kitu. Akapima, akaweka alama za penseli, akatoboa.

Mimi si fundi, ila hata mimi niliona. Drili ilizama kama kisu kwenye papai. Badala ya vumbi la kijivu ukatoka mchanga, unamwagika wenyewe kama wa saa ya mchanga. Akaingiza kile kiplastiki cha kushikia skrubu, akakaza, na skrubu ikazunguka bila kushika. Tundu la pili vilevile. La tatu likang'oka na kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja.

"Huu ukuta mama, mchanga mwingi saruji kidogo," akasema. Kisha akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba hakuna shida, atachonga vijiti vya mti, avisokomeze kwenye matundu, skrubu itashika. "Tunafanyaga hivyo siku zote."

Nikamuuliza vitashika kwa muda gani. Akacheka, akaniambia inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. "Inategemea na watoto."

Nikamwambia hapana. Mzazi mwenzangu, sina ujuzi wa ujenzi na sitaki kukuuzia usiokuwa wangu, lakini hili nimeliona kwa macho: braketi iliyoshikwa na kijiti kwenye ukuta wa mchanga inaipandisha tu ajali ianzie juu zaidi.

Akauangalia ukuta mkubwa. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaugonga pembeni mwa kalenda, na sauti ilikuwa tofauti, nzito, fupi. "Huu alijenga nani?"

Nikamwambia mwenye nyumba mwenyewe, baba mkwe, alifyatua tofali zake hapo hapo uani.

"Mzee alikuwa hajapunja," akasema.

Na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Saa sita kasoro. Ndizi zilikuwa zimenunuliwa mapema na mtu wa Arusha, mkungu kwa mkungu, na mama mkwe amerudi na kapu tupu. Aliona drili, mchanga sakafuni, matundu kwenye ukuta wa jiko. Aliniona mimi. Fundi akamwamkia kwa heshima zote, akaitikia. Kisha akauliza, hakuniuliza mimi, alimuuliza fundi: "Ulikuwa unasema nini kuhusu ukuta wa mzee?"

Yule kijana, ambaye hakujua chochote kuhusu picha wala kitambaa, akarudia: ukuta huu wa mzee ni mzuri, tofali zake zimekaa, TV ikikaa hapa hata mtu mzima akiivuta haitoki. Ule mwingine haubebi.

Mama mkwe aliweka kapu chini. Akakaa kwenye kochi akafungua fundo la khanga, akalifunga tena. Mimi nikaanza kueleza, nikaomba samahani kwa Jumamosi, na nikiwa katikati ya samahani hiyo nikajikuta nasema na yale mengine. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia mtoto TV imelala. Nikamwambia kuhusu binamu na bafuni. Nikamwambia pale mapokezi nilitaja kitambaa kwa sababu kilikuwa cha kwanza kuja mdomoni, na kwamba TV ile niliisimamisha pale mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na niliona haijatulia.

Alinyamaza muda ambao ulimfanya hata fundi azime drili. Kisha akasema, "Nilifikiri mwaniona mimi nimetaka kumuua mjukuu wangu."

Sitaandika yote yaliyofuata, mengine ni ya kwetu. Alisimama mwenyewe, akaishusha picha ya mumewe, akaifuta vumbi kwa upande wa khanga. Akaniambia, "Huyu ndiye aliyeita watu kuja kuangalia mpira hapa. Hawezi kukasirika akipisha mpira."

*

Kazi yenyewe haikuchukua saa nzima. Nitataja machache niliyojifunza. Nyuma ya TV kuna matundu manne, na umbali kati yake umeandikwa kwa milimita kwenye boksi au kitabu cha maelezo. Ya kwetu ni 200 kwa 200. Ukienda kununua braketi bila hizo namba utarudi mara mbili. Uzito wa TV nao uwe chini ya ule braketi inaoubeba. Fundi hakutoboa juu ya soketi wala swichi moja kwa moja, kwa sababu waya za umeme hupanda ukutani kutoka hapo.

Kuhusu urefu tulibishana. Alitaka kuipandisha karibu na dari, "ndiyo mtindo." Nikakaa kwenye kochi, nikamwambia apime macho yangu yako wapi, katikati ya TV ije hapo au juu kidogo tu. Ikawa kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Nimehojiana na watu wengi wenye maumivu ya shingo, sikuona sababu ya kujitengenezea yangu. Watoto wanaifikia kwa mkono, ndiyo. Wanaipaka uji. Lakini haina pembe ya kuvuta na haiendi popote. Waya tulizipitisha kwenye paipu nyembamba iliyopigiliwa ukutani, zisining'inie.

Kabla ya kuipachika TV, fundi alifanya jambo moja nililolipenda. Aliishika braketi tupu kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia. Uzito wake wote. Mama mkwe akamwambia, "Ning'inia vizuri wewe, hujala?" Akaning'inia tena. Haikusogea.

Jioni nilimpiga picha mtoto amekaa chini ya TV, nikamtumia mume wangu. Nilijiona nimeweza. Nikaanza hata kuandika kichwani makala hii, ile ya mwanzo, ambayo ingeishia hapa.

Kisha mama mkwe akaniita kutoka chumba cha watoto. "Mama, hebu njoo."

Alikuwa amesimama mbele ya kabati la droo, lile la nguo za watoto, droo nne. Na juu yake, tangu Desemba, lilikuwa limekaa lile chogo la baba mkwe. Mimi na mume wangu ndio tuliolihamishia huko TV mpya ilipokuja, maana hatukutaka kulitupa na sebuleni halikuwa na nafasi. Watoto waliangalia katuni humo siku za Jumapili.

Mama mkwe hakunihutubia. Aliinama akaivuta droo ya chini kabisa hadi nusu. Akavuta ya pili, kidogo kuliko ya kwanza. Ya tatu, kidogo zaidi. Akaziangalia. "Ngazi," akasema.

Nilihisi baridi ikinipanda mgongoni, na si ile ya Meru. Yule binamu mtu, aliyekuwa ametufuata, akaongeza kwa fahari, "Mimi huwa napanda. Hadi juu." Nikamuuliza anapanda kufuata nini. Akasonta juu ya chogo. Pale nilikuwa nimeficha biskuti na rimoti ili watoto wasivifikie.

Nilishasoma juu ya hili. Wataalamu wameonya kwamba TV bapa zinapoingia sebuleni, zile za zamani nzito huhamishiwa vyumbani, juu ya makabati ya droo ambayo hayakutengenezwa kuzibeba. Nililisoma, nikaona ni habari ya Marekani. TV ya chogo uzito wake mwingi uko mbele, kwenye kioo, si nyuma kwenye chogo kama umbo lake linavyokudanganya, kwa hiyo inapenda kuanguka kwa mbele. Mtoto akivuta droo na kukanyaga, kabati nalo linainama mbele. Baadaye tulilipima lile chogo kwa mzani wa ndizi. Kilo 23. Mwanangu wakati huo alikuwa na kilo 11.

Ile iliyomjeruhi mtoto ilikuwa nyepesi mara tatu kuliko iliyokuwa inamsubiri chumbani anakolala. Na aliyeiona si mwandishi wa afya.

Tulilishusha usiku uleule, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine, watoto tumewatoa nje ya chumba. Kesho yake tulimrudisha fundi akalifunga lile kabati la droo ukutani kwa vipande viwili vya chuma, kwa Sh5,000. Alitaka kujua kama tuna kitu kingine cha kufunga, nikamwambia azunguke nyumba nzima aangalie. Akapata rafu ya vyombo jikoni.

Mzazi mmoja niliyemsimulia aliniuliza kama TV ikiwa ukutani watoto wanaangalia kidogo. Hapana, wanaangalia vilevile, na hilo ni pambano lingine. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Siku nyingine tunaweza, siku nyingine ndizi zinaungua na tunazidisha.

Picha ya baba mkwe sasa ipo kwenye ukuta wa jiko. Haina uzito, msumari mmoja umeibeba, na imefunika matundu yetu matatu ya aibu. Vitambaa vimerudi kwenye makochi, kimoja kimoja, bila tangazo. Juu ya kabati la TV hakuna kitu, na hilo alilipanga mwenyewe.

Lile chogo hakutaka liuzwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita akatoa bei, akamwambia aende salama. Lipo chumbani kwake, sakafuni kabisa, kioo kimegeuzwa ukutani, na juu yake limefunikwa kitambaa cheupe kile alichokuwa anakifuma jioni ile. Mwanangu ana alama ndogo juu ya nyusi na sasa anaongea sana. Akiingia chumbani kwa bibi yake huenda moja kwa moja kwenye lile chogo, akaligusa kwa kidole.

"Bibi, imelala?"

"Imelala, baba."

"Tusiiamshe?"

"Tusiiamshe."